Kobalti ya Kolwezi haiendi kwenye batri peke yake

Ukitaja kobalti pale Kolwezi, watu wanafikiria batri za simu na magari ya umeme. Ni kweli, batri ndizo zinakula nyingi. Lakini kobalti iko na kazi nyingine: kusafisha mazuti.

Mafuta yanayotoka chini ya ardhi yana salfa. Ikiungua ndani ya moteri, inatoa moshi unaoumiza mapafu. Kwa hiyo viwanda vya mafuta vinapitisha mazuti pamoja na gesi ya haidrojeni, kwa joto la zaidi ya digrii 300, juu ya vipunje vilivyopakwa kobalti na molibdeni. Vipunje hivyo ni kichocheo. Waliosoma kemia kwa Kifaransa wanasema katalizeri. Kinaharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Salfa inatoka kama gesi yenye harufu ya yai bovu, kisha inageuzwa kuwa salfa ya njano.

Hiyo ya njano, madereva wa malori wanaijua vizuri. Salfa nyingi inayoingia Lualaba inatoka Mashariki ya Kati, na ni mabaki ya kusafisha mafuta na gesi. Kwenye migodi inachomwa ili kupata asidi ya salfuriki, asidi ile ile inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe yaliyosagwa. Kobalti inatoa salfa, salfa nayo inatoa kobalti!

Baada ya miaka kadhaa kichocheo kinachoka, kinafunikwa na kaboni. Kukitupa ni hatari, kwani kinaweza kushika moto chenyewe kikikutana na hewa. Basi kaboni inachomwa polepole, kwa hewa iliyopimwa, na kichocheo kinarudi kazini. Kikizeeka kabisa, metali zake zinatolewa zitumike tena.

Hapo ndipo Kolwezi inaguswa. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje. Mwezi wa kumi ikaweka kota, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Kobalti ya mgodini ikipungua sokoni, ile ya kwenye vichocheo vilivyozeeka inazidi kutafutwa, na hiyo haihitaji mchimbaji.

Kobalti ya Lualaba bado inaondoka hasa kama unga wa haidroksidi. Vichocheo vinatengenezwa kwingine, vinafufuliwa kwingine. Kinachorudi huku kwa malori ni salfa na mazuti.