Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Nyumba iliyohamwa ina maadui wawili. Wa kwanza ni wakati, ambao hutumia mvua, mchwa na mizizi, tena hauna haraka. Wa pili ni mwanadamu, ambaye aweza kuharibu kwa usiku mmoja kuliko mvua ya miaka mingi. Atakaye kuilinda nyumba hiyo yampasa kuwakabili wote wawili.

Katika nchi yetu ya Masalani, mfugaji wa Kisomali wa zamani hakuijua taabu hii. Nyumba yake, iitwayo aqal, ilikuwa ya fito zilizopindwa na mikeka. Malisho yalipokwisha, wanawake waliibomoa na kuipakia juu ya wanyama, wakaisimamisha penginepo. Nyuma yake hayakubaki ila majivu na boma la miiba. Lakini ajengaye kwa mawe hawezi kuhama na nyumba yake. Kuyaona yaipatayo nyumba ya namna hiyo, na tuufuate mto Tana hata Garsen, kisha tushike njia ya Malindi na kupita mpaka Gedi.

Gedi ulikuwa mji wa Waswahili, wenye misikiti, visima, jumba la mfalme na ukuta wa kuuzunguka. Kaburi moja huko lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na ustawi wa mji ulikuwa mkubwa katika karne ya 15. Hata hivyo, katika karne ya 17 watu waliuacha. Wanahistoria hutaja sababu kadhaa: vita vya pwani, kupungua kwa maji ya visima, na kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini.

Hapo wakati ukaanza kazi yake. Dari za Gedi zilikuwa za mawe na chokaa, nazo zilibebwa na boriti za mikoko. Chokaa isipotiwa upya, maji hupenya, boriti huoza, na dari nzito huporomoka. Miti ikaota vyumbani, ikapenyeza mizizi kati ya mawe. Lakini msitu uleule ulikuwa pia mlinzi, kwa kuwa watu wa jirani waliamini kwamba una pepo, wakachelea kuuingia.

Hofu hiyo haikuwazuia watafuta hazina. Mabakuli ya China, yaliyopachikwa kutani kuwa mapambo, yaling'olewa. Kwa hiyo serikali iliutangaza Gedi kuwa mahali pa historia mwaka 1927, na mwaka 1929 ikauweka chini ya ulinzi wa sheria. Lakini sheria haishikilii ukuta usianguke. Mwaka 1939 ndipo ilipoanza kazi ya kuzitengeneza kuta zilizokuwa hatarini, na mwaka 1948 James Kirkman akawekwa kuwa mwangalizi, akachimba na kuhifadhi kwa miaka 10.

Huenda mtu akauliza, bakuli moja lina thamani gani? Basi na ajue kwamba majina ya waliokaa katika nyumba zile yamepotea. Leo nyumba hizo huitwa kwa vitu vilivyokutwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kama mwizi angaliutangulia mchimbaji na kuuchukua mkasi ule, chumba chake kisingalikuwa na neno la kutuambia.

Ulinzi wa Gedi haukuishia kwenye ua na lango. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, wenye makao yake hapo, umewawezesha wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kujipatia fedha bila kukata miti. Mwaka 2024 Gedi uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Basi, vijana, nyumba tupu yahitaji paa lisilovuja, mlango uliofungwa na sheria ya kumwogofya mwizi. Lakini hayo yote hayatoshi ikiwa majirani wanaopita mbele yake kila siku hawaoni kwamba ni yao.