Hesabu ya 1945 na Kilo za Gogo

Wasee, tangu nikiwa fomu two huku Bomet nimesikia swali moja: "Hii hesabu itakusaidia wapi?" Leo najibu kwa historia, halafu kwa majani chai.

Mwaka 1945, Samuel Eilenberg, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani 1939, na Mmarekani Saunders Mac Lane walichapisha makala iliyoanzisha nadharia ya kategoria. Kompyuta ya ENIAC ilikuwa bado haijaonyeshwa umma. Hiyo ilikuja Februari 1946. Hawa wawili hawakuwa wanawaza programu hata kidogo. Walikuwa kwa topolojia, ile hesabu ya maumbo.

Wazo lao ni hili: usitazame vitu tu, tazama mishale inayotoka kitu kimoja kwenda kingine. Masharti ni machache. Mshale ukiishia pale mwingine unapoanzia, unaiunganisha. Ukiunganisha mitatu, haijalishi umeanza kufunga miwili ipi. Na kila kitu kina mshale usiokibadilisha.

Sasa ingia kiwanda cha chai Kericho. Majani yananyaushwa, yanakatwakatwa, yanachachushwa. Uhesabu kunyausha na kukata kuwa kazi moja, ama kukata na kuchachusha kuwa kazi moja, chai ni ileile. Lakini ukivuruga mpangilio, umeharibu kila kitu. Na mshale usiobadilisha? Mizani. Majani yanapanda, yanashuka, ni yaleyale.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 ndiyo Eugenio Moggi, mwaka 1989, aonyeshe kwamba monadi, kifaa cha hesabu hiyohiyo, inaeleza vizuri programu zinazoweza kukwama njiani au kubadilisha kumbukumbu. Philip Wadler akaisukuma ndani ya Haskell, lugha iliyotoka 1990. Leo ukikutana na Optional ya Java ama Option ya Rust, umekutana na wajukuu wa wazo hilo.

Mimi nilikuwa sijui. Niliandika kaprogramu ka kujumlisha kilo za gogo yangu, ili bonasi ikija tulinganishe. Siku ambayo risiti imepotea, programu iliandika 0. Lakini 0 maana yake gogo hakuchuma, na alikuwa amechuma, mvua ikimnyeshea. Jumla ikatoka ndogo kuliko jasho lake. Angeenda kudai na karatasi yangu, ingemgeuka.

"Sifuri" na "hakuna jibu" ni vitu viwili. Programu iliyojengwa vizuri hubeba tofauti hiyo hatua kwa hatua mpaka mwisho. Hatua moja ikikosa jibu, zinazofuata hazijifanyi zimelipata.

Tangu mashine za kuchuma chai zichomwe Kericho kwa maandamano Mei 2023, kila mzee anatuambia tusome kompyuta. Sawa. Lakini tukisoma tu lugha iliyo kwa fasheni mwaka huu, itapitwa na tutaanza upya. Maoni yangu: tudai pia tufundishwe namna vipande vinavyoungana. Hiyo imedumu tangu kabla kompyuta hazijajulikana, na haihitaji laptopu kali, kalamu na karatasi zinatosha.

Programu ya gogo nimeiandika tena. Siku isiyo na risiti sasa inasema "haijulikani". Zimetokea siku sita. Jumatatu tunaenda senta kuzitafuta kwenye daftari.