Sahani ya Agari Si Ngozi: Hoja Dhidi ya Kipimo Kinachotawala Utafiti wa Marhamu za Mimea

Anayefuatilia majarida ya sayansi ya Afrika Mashariki anaijua makala hii hata kabla ya kuisoma. Majani ya mmea fulani yamechumwa, yakaanikwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa kwenye methanoli. Dondoo lililopatikana limejaribiwa dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus na fangasi Candida albicans kwenye sahani ya agari, jeli ya kuoteshea vimelea. Siku ya pili uwazi usio na vimelea umeonekana kuzunguka kikaratasi kilichobeba dondoo, ukapimwa kwa rula. Hitimisho linasema kwamba matumizi ya jadi yamethibitishwa na kwamba mmea unafaa kutengenezewa marhamu ya vidonda, chunusi au fangasi wa ngozi.

Ninalipinga hitimisho hilo, na si kwa sababu ile iliyozoeleka ya kwamba kazi ya maabara ni hatua ya awali tu. Hatua ya awali ikiwa nzuri, haina ubaya. Dai langu ni kwamba kwa dawa za kupaka kipimo hiki huchuja vibaya: huipitisha mimea itakayoshindwa kwenye ngozi, na huiangusha ile ambayo huenda ingefaulu.

Kwamba mimea ina kemia yenye nguvu, hakuna anayebisha. Metoksaleni, dawa ya mabaka meupe ya ngozi, ilitoka kwenye mmea wa Ammi majus uliokuwa ukitumika Misri, na daktari El Mofty wa Cairo akaitumia kwa wagonjwa katika miaka ya 1940. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha marhamu ya katekini za chai ya kijani kwa ajili ya vinyama vya sehemu za siri. Ubishi unaanza tunapouliza ni kwa njia gani tunaitambua kemia inayofaa.

Tuanze na kikaratasi chenyewe. Kina kipenyo cha milimita 6 hivi, kimeloweshwa dondoo, kimewekwa juu ya agari ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Ili uwazi utokee, kemikali lazima itoke kwenye karatasi na kusambaa ndani ya maji hayo. Inayoyeyuka majini husambaa mbali; yenye asili ya mafuta hubaki pale pale ilipowekwa. Kwa hiyo upana wa uwazi unapima mambo mawili kwa pamoja, nguvu ya kemikali na urahisi wake wa kutembea majini, na rula haiwezi kuyatenganisha. Hapo hatujagusa kiwango. Mwaka 2006 mtafiti Cos na wenzake walipendekeza kwamba dondoo ghafi lisihesabiwe kuwa na maana iwapo linahitaji zaidi ya mikrogramu 100 kwa mililita ili kuzuia vimelea. Makala zetu nyingi hujaribu miligramu 50 au 100 kwa mililita, yaani mara mia tano au elfu moja ya kiwango hicho, kisha zinashangilia. Kwa wingi wa namna hiyo hata vitu vingi visivyo dawa vingestahili makala.

Ngozi nayo ina masharti kinyume na ya agari. Tabaka lake la nje ni seli zilizokufa zilizoshikiliwa na mafuta, na kazi yake ni kuzuia vitu visiingie. Watafiti Bos na Meinardi walieleza mwaka 2000 kwamba molekuli zinazozidi uzito wa daltoni 500 kwa kawaida hazipenyi ngozi isiyo na jeraha. Azadiraktini, kemikali inayotajwa kila mwarobaini unaposifiwa, ina daltoni zipatazo 720. Haimaanishi kwamba mwarobaini haufai kupakwa, maana una kemikali nyingine ndogo zaidi. Inamaanisha kwamba mtafiti anayeitegemea azadiraktini kutibu kitu kilicho chini ya ngozi nzima ana deni la maelezo, na deni hilo halilipwi kwa rula.

Mfano unaoifunua kasoro hii vizuri zaidi hautoki kwetu. Katika Ulaya ya kaskazini kuna miti ya betula, Betula pendula na Betula pubescens, yenye gome jeupe. Weupe huo ni triterpeni, kemikali zenye asili ya mafuta, hasa betulini. Kutokana na gome hilo imetengenezwa geli inayouzwa kwa jina la Filsuvez, ya kutibu vidonda vya epidemolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi ambao ngozi huchubuka kwa mguso mdogo tu. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha mwaka 2022 na Marekani mwishoni mwa 2023.

Muundo wake ni rahisi kiasi cha kutia aibu wale wanaolilia mitambo. Asilimia 10 ya uzito ni dondoo kavu la gome; inayobaki ni mafuta ya alizeti yaliyosafishwa. Triterpeni zenyewe ndizo zinazoyagandisha mafuta yawe geli. Hakuna maji, na pasipo maji bakteria hawapati mahali pa kuzaliana, kwa hiyo geli haikuhitaji kihifadhi. Dondoo limewekewa mipaka: kila gramu ya geli iwe na miligramu 84 hadi 95 za triterpeni. Kiyeyusho kilichotumika ni heptani, kitu cha jamii ya petroli. Wapenzi wa neno “asilia” wanakaribishwa kulitafakari hilo.

Sasa iweke betulini kwenye sahani yetu. Ni kemikali ambayo karibu haiyeyuki kabisa majini. Ingekaa juu ya kikaratasi, uwazi usingeonekana au ungekuwa finyu, na mwanafunzi wa uzamili angeandika “haina utendaji” kisha akahamia mmea mwingine. Isitoshe, geli hii haikuidhinishwa kwa kuua vimelea bali kwa kusaidia kidonda kifunge, na maelezo rasmi ya Marekani yanakiri kwamba namna inavyofanya kazi haijulikani. Kipimo cha kuua bakteria kisingeweza kuiona kazi ambayo si ya kuua bakteria.

La muhimu zaidi ni jinsi jaribio lake kwa wagonjwa lilivyoendeshwa. Wagonjwa 223 waligawanywa kwa kura: wengine walipakwa geli ya betula, wengine geli ya mafuta isiyo na dondoo. Ndani ya siku 45 kidonda kilichoteuliwa kilifunga kabisa kwa asilimia 41.3 ya kundi la kwanza na asilimia 28.9 ya kundi la pili. Msomaji atue kwenye namba hiyo ya pili. Zaidi ya robo walipona kidonda hicho kwa mafuta, bandeji na uwezo wa mwili wenyewe. Mchango wa gome ni pengo la pointi 12.4 za asilimia tu. Lisingekuwapo kundi la mafuta matupu, tungetangaziwa kwamba betula huponya watu wanne katika kumi, na tungeamini.

Kuna watakaojibu kwamba matumizi ya vizazi na vizazi ni ushahidi tosha. Ni ushahidi, lakini wa jambo gani? Mwaka 1995 chuo kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti la India, CSIR, liliipinga kwa maandishi ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la kitabibu la mwaka 1953, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Ulikuwa ushindi wa haki. Ila kilichothibitishwa pale ni kwamba ujuzi huo haukuwa mpya; ofisi ya hataza haikumpima mgonjwa hata mmoja. Jadi inatuelekeza mahali pa kutafuta na inatupa dalili kuhusu usalama. Haituambii ni kiasi gani cha kupona ni cha manjano na kiasi gani ni cha mafuta yaliyochanganywa nayo.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na sitalimaliza hapa. Majaribio ya nchi nyingi hatuyawezi. Hata hivyo jaribio dogo la mafuta yenye dondoo dhidi ya mafuta matupu, kwa vidonda vya kawaida, halihitaji fedha za kiwanda cha dawa. Mafuta ya nazi yako pwani nzima, ya alizeti yanakamuliwa Singida na Dodoma, na siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda imebeba triterpeni zake yenyewe. Kwa maoni yangu shea ingepaswa kuwa ya kwanza kwenye foleni, mbele ya mimea mingi inayorudiwa kila mwaka.

Sera nazo zinasukuma upande usiofaa. Nchini Tanzania, tangu mabadiliko ya mwaka 2019, vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, na dawa chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, huku dawa za asili zikisimamiwa pia na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kopo lilelile likiandikwa “hulainisha ngozi” linapita mlango mmoja. Likiandikwa “hutibu fangasi” linatakiwa lipite mwingine wenye masharti makali zaidi. Mtengenezaji mwenye akili huandika la kwanza kwenye lebo na kulisema la pili kwa mdomo. Makala ya sahani ya agari humpa maneno ya kusema.

Ndiyo maana ombi langu ni kwa wahariri wa majarida yetu kabla ya wizara. Makala ya kikaratasi ichapishwe kama kemia au mikrobiolojia, na sentensi yake ya mwisho kuhusu marhamu ifutwe. Anayetaka kuirudisha alete matokeo ya ngozi, na pembeni yake matokeo ya mafuta matupu.