Kubishana na upepo

Leo tuingie baharini. Wengi wetu wa mjini tukisikia mashindano ya matanga tunawaza klabu za Wazungu, na ile America's Cup iliyoanza 1851. Sawa. Lakini mimi ningemtuma anayeanza aende Lamu.

Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulikuwa na tanga la mkeka, la mraba. Upepo ukiwa nyuma ulikwenda vizuri. Ukiwa mbele, unasubiri kaskazi au kusi igeuke. Mitepe imeshapotea. Tanga la pembetatu lina ujanja zaidi: mashua hukata mshazari, huku kisha kule, mpaka inafika upepo unakotoka. Mabaharia wanaita kubisha. (Neno tamu, eti?)

Mwanagenzi ajifunze hilo, maana kwenda na upepo hata gogo linaweza. Na katika mashindano ya mashua wakati wa Maulidi ya Lamu, kwenye kubisha ndipo wanapoachana: foromali na tanga vihamishiwe upande wa pili wa mlingoti, mabaharia nao wakimbilie upande wa upepo, mashua isilale. Nahodha akisita kidogo tu, mwenzake keshapita.