Mtoi Mgongoni: Cheki Hizi Vitu Kabla Ununue Kibebeo cha Mtoto

Simama stage ya Kawangware 56 asubuhi mapema. Utaona mamathe wakielekea Lavington kusaka kazi ya kufua, mtoi amefungwa mgongoni na leso. Wengine siku hizi wana zile vibebeo za mikanda na klipu, zinakaa fiti kwa picha, na wanaona leso ni ya ushago.

Tulia kwanza. Kibebeo kuwa ya duka haimaanishi mtoi ako salama. Mwaka wa 2010 huko Marekani, kampuni ya Infantino iliitisha irudishiwe vibebeo karibu milioni moja za kuning'iniza begani baada ya watoi watatu kufariki. Begi ilikuwa laini, ikakunja mtoi hadi kidevu kikabanwa kwa kifua na hewa ikakosa njia. Mtoi akibanwa hivyo hata halii. Ananyamaza tu, na wewe unadhani amelala.

Na usione haya na leso. Hizo za kisasa zimetoka huku kwetu: Ann Moore, nesi Mmarekani aliyekuwa Togo miaka ya 60, aliona jinsi mamathe wa huko wanabeba watoi, akarudi kwao akatengeneza kibebeo kinaitwa Snugli.

Sasa cheki hizi:

1. Pumzi kwanza
Lazima uone uso wa mtoi, na vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake. Mtoi wa chini ya miezi 4 shingo bado haijakaza, so mbebe mbele, juu kabisa, mahali ukiinamisha kichwa unaeza kumbusu. Mgongoni ngoja hadi ashikilie kichwa mwenyewe. Na baridi ya Julai isikufanye umfunike uso na shali. Kofia inatosha.

2. Miguu ikae kama herufi M
Magoti yawe juu kidogo ya makalio, kitambaa kimshike kutoka goti moja hadi lingine. Kibebeo chembamba kinachoacha miguu ikining'inia wima hakifai nyonga za mtoi mchanga. Hapa leso ikifungwa poa inashinda nyingi za bei.

3. Ukinunua mitumba
Uko Toi ama Gikomba, usiangalie rangi pekee. Vuta kila mshono kwa nguvu. Funga klipu usikie ikilia "tak", halafu jaribu kuivuta ifunguke. Ikiwa imepasuka ama jua limeipausha, wacha hapo. Lebo ikiwa bado iko, soma kilo inabeba. Ukifika keja, ifue, kisha weka pakiti mbili za unga za kilo mbili uzunguke nazo kabla uweke mtoi. Fundo ya leso pia ijaribu hivyo.

4. Mgongo wako pia
Mikanda iwe mipana, na uzito mwingi ukae kiunoni. Mabega yakianza kuuma baada ya dakika kumi, hiyo si yako. Ikiwa una leso ya kupitisha bega moja, badilisha bega kila mara. Na ukinyonyesha, usikaze sana kifuani.

5. Maisha ya mtaa
Kwa mat, mtoe mgongoni kabla ukae. Watu husahau, wanaegemea kiti na mtoi anafinywa huko nyuma. Mpakate mbele ukiona uso wake.

Nduthi, hapana. Hakuna leso wala klipu itamlinda mkianguka, na akiwa katikati yako na rider, anafinywa na hana hewa. Najua fare ya mat na ile matope ya mvua, lakini hii usijaribu.

Ukipika, usiwe na mtoi mbele. Mafuta na chai moto zinamfikia yeye kwanza. Ukitaka kuokota kitu, piga magoti, usiiname. Na ukijifunza kumfunga, simama kando ya kitanda na mtu akusaidie.

Mtoi alizaliwa kabla ya wakati, ana kifua, ama nyonga zake zina shida? Uliza nesi siku ya kliniki kabla umfunge. Na wakati wowote ukisikia anakoroma ama midomo inabadilika rangi, mfungue hapo hapo, ata kama ni katikati ya barabara, na ukimbie hosi.

Na wewe buda, leso haichagui. Chukua zamu.

Kabla utoke keja kesho asubuhi: uso unaonekana? Kidevu kiko juu? Fundo imekaza? Sawa, songa. Na ukitembea, kila baada ya muda gusa uskie anapumua.