Nani abebe joto la injini? Kutoka Pontedera hadi Njiru

Mitungi 30 ya lita 20 ni kilo 600 za maji. Pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu ikishapakia mzigo huo kisimani, inapandisha taratibu kuelekea Barabara ya Kangundo, ikiwapelekea maji wakazi wa Njiru na Chokaa, jijini Nairobi, ambao mifereji yao hukauka kwa siku kadhaa. Dereva ametia gia ya kwanza. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, ilhali mashine yenyewe inakwenda mwendo wa mtembea kwa miguu, na upepo ambao ungeipoza pikipiki ya kawaida haupo. Joto linatoka kwenye silinda, linapenya chini ya tangi la petroli na kumfikia dereva mapajani, maana ameipakata injini katikati ya miguu yake. Ndiyo sababu utamwona na gambuti na jinzi nzito hata jua likiwa utosini, tena amekalia gunia lililokunjwa mara kadhaa. Gunia hilo halipo kwa ajili ya kulainisha kiti peke yake.

Tumezoea kudhani kwamba mateso haya ni sehemu ya kazi, kama vumbi na askari wa trafiki. Sivyo. Injini ndogo ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka kama joto, kupitia bomba la moshi na mapezi ya silinda. Joto hilo lazima liende mahali. Kwa karibu miaka 100 watengenezaji wa mashine za magurudumu matatu wamekuwa wakiamua liende wapi, na kila walipoamua, kuna mtu aliyepumua na kuna mwingine aliyetwishwa.

Babu wa pikipiki ya mizigo tunayoiona Njiru alizaliwa Hiroshima, Japani. Mwaka wa 1931 kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo leo tunaijua kama Mazda, ilianza kuuza Mazda-Go: mbele pikipiki, nyuma sanduku la mizigo juu ya magurudumu mawili, injini ya cc 482. Mwaka uliofuata Harley-Davidson ya Marekani ikatoa Servi-Car, iliyotumiwa na magereji na polisi na ikaendelea kutengenezwa hadi 1973. Katika mashine zote mbili mwendeshaji alikaa wazi, injini karibu na miguu, na upepo ndio uliokuwa dawa. Mradi unakwenda, unapoa. Ukisimama, unaungua.

Aliyebadilisha mambo ni Mwitaliano Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyekuwa ametengeneza helikopta kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera kilikuwa kikiunda ndege, kikapigwa mabomu vitani, na baada ya vita Enrico Piaggio akataka chombo rahisi cha kuwasafirisha watu. D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliziona chafu na zisizostarehesha. Katika Vespa ya mwaka 1946 aliitoa injini katikati ya miguu ya mwendeshaji, akaisukuma nyuma kando ya gurudumu na kuifunika kwa bati ili mtu aweze kupanda na suti yake bila kuchafuka wala kuungua.

Lakini injini iliyofunikwa haipati upepo. Hapo ndipo ujuzi wake wa ndege ulipomfaa: aliweka mabawa madogo kwenye sahani ya magneto inayozunguka pamoja na injini, yakawa feni, kisha akaizungushia silinda kava ya bati ili hewa ya feni ilazimike kupita katikati ya mapezi. Mwaka wa 1948 Piaggio ikaongeza gurudumu la tatu na sehemu ya kubebea mizigo, ikaiita Ape. Vyombo vingi vya magurudumu matatu vinavyobeba abiria Afrika Mashariki, viitwe tuktuk au bajaji, vimetokana na ukoo huo, na feni ya D'Ascanio imo ndani ya vingi kati ya hivyo mpaka leo.

Naomba tukae kidogo na kava hiyo ya bati, kwa sababu ndiyo inayonisikitisha kuliko kitu kingine nikipita kwenye magereji ya wazi ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Fundi anapotaka kufikia plagi, kava inamzuia. Anaifungua. Kazi ikiisha, skrubu moja imepotea, nyingine imekufa meno, na kava inabaki chini ya benchi. Maelezo anayopewa mwenye tuktuk ni kwamba injini sasa itapata hewa zaidi. Maelezo hayo ni kinyume cha ukweli. Feni bila kava inatawanya hewa huku na huku. Hewa haipiti tena kwenye mapezi ya silinda, hasa upande wa nyuma ulio mbali na feni. Injini inapata joto kupita kiasi, oili inakuwa nyepesi kama maji, pistoni inaanza kukwaruza, na siku moja kwenye mlima inashika kabisa. Mwenye mali atalaumu petroli mbovu au spea bandia. Kosa mara nyingi ni kipande cha bati kilichoachwa gereji.

Njiru ina adui mwingine wa feni hiyo. Eneo hili lina machimbo ya mawe, malori ya kokoto, barabara za ndani zisizo na lami na udongo mweusi unaonata kila mvua inaponyesha. Feni inavuta vumbi hilo, vumbi linakutana na oili inayovuja, na mapezi ya silinda yanajaa tope gumu linalozuia joto kutoka. Burashi ya waya na nusu saa ya kazi vinatosha kuyasafisha. Usimwage maji baridi juu ya injini iliyochemka, ingawa utaona watu wakifanya hivyo kila siku kwa nia njema: chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka.

Kutoka Italia, mashine ilisafiri hadi India. Mwaka wa 1959 Bajaj ilipata leseni ya serikali ya kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu, kwa ujuzi wa Piaggio. Rickshaw zake za kwanza zilikuwa na injini mbele, chini ya kiti cha dereva. Fikiria mtu anayefanya kazi kutwa nzima katika joto la Bombay akiwa amekalia injini. Mwaka wa 1977 Bajaj ilileta aina yenye injini nyuma, na herufi RE ambazo bado zinaandikwa kwenye bajaji zimetokana na mpangilio huo. Dereva alipumua. Joto likahamia nyuma ya abiria, ambaye hukaa nalo dakika kumi au ishirini kisha akashuka. Kwangu huo ulikuwa uamuzi wa haki kuliko wote katika historia hii: anayekaa muda mrefu zaidi ndiye aliyepunguziwa mzigo.

Injini za zamani zilichoma oili pamoja na petroli, zikatoa moshi wa buluu na kelele kali. Hatimaye uchafu wa hewa ndio uliozisukuma nje. Mwaka wa 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru magari ya uchukuzi ya Delhi yahamie gesi asilia, na kampuni zikaharakisha injini za kisasa zaidi zenye oili yake tofauti. Oili hiyo, mbali na kulainisha, hubeba joto kutoka ndani ya injini, na kwa hivyo kuchelewa kuibadilisha ni kujitafutia mchemko.

Nchini Kenya tuktuk zilishika kwanza Pwani. Mombasa ina barabara tambarare na upepo wa bahari, na mashine iliyoundwa kwa mwendo wa polepole ilipata makao. Nairobi ilitangulia kujazwa na bodaboda, hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka wa 2008. Njiru nayo ilikuwa ikigeuka kutoka mashamba na machimbo kuwa mitaa ya ploti na nyumba za kupangisha; sensa ya 2019 iliwahesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru. Matatu hubaki kwenye barabara kuu. Kutoka stejini hadi mlangoni ni kazi ya boda au tuktuk.

Kina mama wengi watakaoeleza kwa nini wanachagua tuktuk wataanza na mtoto na mizigo. Wengine watakuonyesha kovu. Bomba la moshi la boda hukaa upande wa kulia, na uso wake unaweza kupita nyuzi joto 200 za Selsiasi. Abiria anayeshukia upande huo akiwa na sketi au kaptura anaondoka na alama ya mviringo ndani ya mguu, ambayo kwa ngozi nyeusi hukaa miaka. Panda na ushuke kwa upande wa kushoto. Ukiungua, weka mguu chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na unga wa ngano huziba joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda. Ndani ya tuktuk bomba liko chini, mbali na miguu ya watu, na hiyo ni faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote la biashara.

Kisha ikaja pikipiki ya mizigo kutoka China, na historia ikarudi nyuma hadi 1931. Mpangilio wake ni ule ule wa Mazda-Go, injini katikati ya miguu, ila mzigo umekuwa mzito zaidi na mbele kumewekwa kioo kinachomkinga dereva dhidi ya mvua na wakati huo huo kuzuia upepo. Zile zinazopozwa kwa maji zina rediata na feni, na hewa inayotoka humo ikiwa moto mara nyingi inaelekea kwenye mashavu ya miguu ya dereva. Mwezi wa Julai, Nairobi inapopata baridi ya alfajiri, joto hilo ni neema. Miezi mingine ni adhabu.

Mtu asiseme haiwezekani kufanya vinginevyo. Wanunuzi matajiri wa Harley-Davidson walipolalamika kwamba silinda ya nyuma inawachoma mapaja, kampuni iliweka mfumo unaoizima silinda hiyo pikipiki inaposimama kwenye foleni, na kuanzia modeli za 2014 baadhi ya pikipiki zake kubwa, ikiwemo Tri Glide ya magurudumu matatu, zikapata rediata zilizowekwa mbali na mapaja. Paja la mbeba maji wa Njiru linaungua kwa joto lile lile. Anachohitaji si mtambo wa kompyuta: kipande cha bati chenye nafasi ya hewa kati yake na injini, mlango wa hewa ya rediata ugeuzwe utazame chini, na pedali zisogezwe nje kidogo. Mafundi wa jua kali wanayafanya haya tayari, mmoja mmoja, kwa mabati ya madebe. Waagizaji wangeweza kuyadai kiwandani kabla mashine haijapakiwa melini.

Sasa zinakuja za umeme. Tangu 2023 Kenya ina bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, na mota ya umeme hupoteza sehemu ndogo tu ya nishati kama joto. Betri, hata hivyo, huzeeka haraka ikikaa kwenye joto, na katika mashine nyingi imewekwa chini ya kiti, mahali ambapo hewa ni haba na vumbi ni tele. Anayetaka kununua, ya petroli au ya umeme, aombe kuijaribu ikiwa na mzigo kamili, apande nayo mlima taratibu, kisha abaki ameikalia robo saa, miguu mahali pake, na kama ni ya petroli aiache ingurume. Afanye hivyo kabla ya kutoa amana ya mkopo.