Papa wa Malindi na Kilifi wana faida gani?

WATU wa mwambao wa Kilifi na Malindi wamemjua papa kwa karne nyingi. Nyama yake hutiwa chumvi na kuanikwa ikawa ng'onda, kitoweo kinachokaa muda mrefu bila barafu. Mafuta ya maini yake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili maji yasipenye. Lakini faida kubwa zaidi ya samaki huyu hupatikana akiwa hai.

Papa wakubwa huwala taa, kasa, samaki wagonjwa na hata papa wadogo. Hata wasipoua, kuwapo kwao kunatosha. Uchunguzi uliofanywa Shark Bay, Australia, ulionyesha kuwa kasa na nguva huepuka kula mahali wanapowindwa na papa, na hivyo majani ya baharini hupata nafasi ya kukua. Majani ya namna hiyo yako Watamu na Malindi, ambako hifadhi za bahari zilianzishwa mwaka 1968, na ndimo hukulia tafi na samaki wengine wa kitoweo.

Si papa wote walio wakali. Papa shilingi, mkubwa kuliko samaki wote duniani, hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Jina lake limetokana na madoa meupe mgongoni, mithili ya sarafu.

Tatizo ni uzazi. Changu hutaga mayai maelfu kwa maelfu, ilhali papa hukawia miaka mingi kupevuka, na jike la pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, hubeba mimba kwa miezi 9 hadi 12. Katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, pingusi wengi wanaonaswa ni wachanga ambao hawajazaa hata mara moja. Wengine huingia katika jarife za wavuvi wadogo, wengine katika nyavu za meli zinazokokota kamba. Meli hizo zilisimamishwa mwaka 2006 kufuatia malalamiko ya wavuvi, zikaruhusiwa tena kwa masharti mwaka 2011. Kumtwika mvuvi wa ngalawa lawama zote, basi, si haki.

Mwaka 2013 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, Kenya ikiwemo, zilikubaliana kudhibiti biashara ya aina 3 za pingusi. Mkataba huo, hata hivyo, husimamia shehena zinazovuka mipaka, hasa mapezi yapelekwayo Asia. Pingusi mchanga anayeuzwa ufuoni na kuliwa papo hapo Malindi haumhusu.